Chupa Saba za Fukusi

Wiki iliyopita tulimzika aliyekuwa mwalimu mkuu wangu wa kwanza, na pale msibani kwake, Nsemulwa, nilikaribia kupaliwa na maji ya kunywa. Msemaji wa familia alikuwa amesimama chini ya turubai, kipaza sauti kinamkoromea, anasoma wasifu wa marehemu. Alipofika miaka yake ya utumishi huko Mpimbwe akapandisha sauti: "Marehemu ndiye aliyeanzisha ufundishaji wa sayansi kwa njia ya miradi katika shule za msingi za ukanda wetu." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Asha, ambaye tulifundisha naye huko Mpimbwe na kukaa naye nyumba moja, akanifinya paja. "Vero, nyamaza. Huyo ni marehemu." Nikamwambia sijasema kitu. "Umeguna," akasema. "Mstari mzima wamekusikia."

Niliguna, sikatai. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuguna tu. Ningali nafundisha hapa Mpanda mjini, na siku hizi neno mradi limejaa kila semina na kila ukurasa wa mtaala. Mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani na agizo: kesho alete mradi wa mfumo wa jua. Jioni mama yake anakwenda stationery, fundi wa pale anakata boksi, anapaka rangi, anaandika jina la mtoto kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Asubuhi mradi unapandishwa juu ya kabati, unapigwa picha, picha inatumwa kwenye grupu la walimu, kila mtu anaweka alama ya makofi. Muulize mtoto kwa nini dunia ameiweka pale alipoiweka, anakutazama kana kwamba umemuuliza umri wa fundi. Mwezi uliopita nilizirudisha kazi kumi na nane za namna hiyo, wazazi wakanijia juu, na mkuu wangu wa sasa akaniuliza kwa upole kama nimechoka kazi. Sijachoka kazi. Nimechoka maonyesho. Lakini kila nikitaka kulisema hilo kwa sauti, nakumbuka kwamba onyesho baya kuliko yote niliyowahi kuyaona nililiandaa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mwaka wangu wa kwanza kazini.

Mwaka huo Katavi haikuwa mkoa bado. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimepangiwa shule moja upande wa Mamba, huko Mpimbwe, na darasa la tano nililokabidhiwa lilikuwa na watoto tisini na mmoja kwenye chumba kimoja chenye madirisha yasiyo na fremu. Wanne wanne dawati moja, waliobaki sakafuni. Somo la kwanza nililofundisha lilikuwa hatua za uchunguzi wa kisayansi, na nililifundisha kama nilivyofundishwa, yaani kwa kuimba. "Hatua ya kwanza?" Wao: "Kutambua tatizoo!" "Hatua ya pili?" "Kutoa dhaniooo!" Sauti zilikuwa zinafika barabarani. Mwalimu mkuu alipita mlangoni akanipungia mkono kuonyesha ameridhika. Mimi pia niliridhika, mpaka binti mmoja mrefu, aliyekaa nyuma kabisa karibu na ukuta, aliponyoosha mkono. Aliitwa Milembe. Familia yake ilikuwa ya wafugaji waliotoka Usukumani na ng'ombe wao, alichelewa kuanza shule, na Kiswahili chake kilikuwa bado kinatembea polepole. "Mwalimu," akasema, "tatizo lenyewe liko wapi?" Nikamwambia liko kwenye ukurasa wa nne. Akafungua, akasoma, akanitazama. "Hapa pameandikwa tu kutambua tatizo. Tatizo lenyewe sijaliona." Darasa likacheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu nilikuwa sijaliona pia.

Wiki nzima swali lile lilinikera kama jiwe ndani ya kiatu. Ijumaa nikawaambia watoto wafunge vitabu, watoke nje, wazunguke eneo lote la shule, warudi na tatizo. Walirudi nayo mengi: choo cha wasichana hakina mlango, kengele ni rimu ya gari iliyopasuka, mbuzi wa jirani wanakula maua. Lakini vikundi vitatu vilileta tatizo moja, bila kuambizana: uji. Uji wa shule ulikuwa mchungu na mweusi, kwa sababu mahindi yaliyochangwa na wazazi yalikuwa yanaliwa na fukusi stoo. Milembe alikuja na ushahidi kiganjani, punje tano zilizotobolewa, na fukusi mmoja anatembea juu ya kidole chake. "Tatizo ni hili," akasema. "Sasa twende hatua ya pili."

Basi tukaenda. Tulitafuta chupa saba za plastiki, na kwa kijiji kile wakati ule chupa saba zinazofanana hazikupatikana siku moja. Mbili niliziomba mwenyewe kwenye nyumba ya wageni Usevya. Kila chupa tuliijaza mahindi masafi tukaweka fukusi ishirini walio hai. Kisha watoto wakachagua cha kuchanganya, kila kikundi kwa imani ya nyumbani kwao. Majivu. Pilipili kichaa iliyotwangwa. Majani ya mwarobaini. Tumbaku, kwa sababu wazazi wengi walikuwa wakulima wa tumbaku. Dawa ya unga tuliyoichota kwenye mfuko wa stoo ya shule. Chupa ya sita haikuwekwa kitu. Ya saba ilikuwa ya kikundi cha Milembe: wao hawakutaka kuchanganya chochote, walitaka kuiziba kwa nta ya nyuki, wadudu wakose hewa. "Sisi kwetu hatuna mwarobaini," alieleza. "Lakini kila kinachopumua kinaweza kukosa pumzi."

Nisikudanganye kwamba mambo yalikwenda vizuri. Kikundi cha chupa isiyo na kitu kiliona chupa yao haina maana, wakayakaanga yale mahindi na kuyala, fukusi na wote, ikabidi tuanze nyingine. Siafu waliingia kwenye ile ya pilipili. Mama mmoja alifika darasani na jembe begani, ametoka shamba la mpunga, akaniuliza mbele ya watoto: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome. Sasa anashinda anaokota wadudu kwenye ghala langu, anasema ni kazi ya shule. Nyie mkoje?" Nikamweleza kwa dakika kumi. Alisikiliza vizuri, akasema, "Sawa, lakini asome," akaondoka. Na Ijumaa, siku ya kuhesabu waliokufa, hesabu zilikuwa zinagombana: asubuhi waliokufa tisa, mchana wanne. Niliwafokea kwamba hawajui kuhesabu. Milembe alikuwa ameinama juu ya beseni jeupe, pua karibu iguse wadudu. "Mwalimu, hawajafa," akasema. "Wanajifanya. Ukimgusa anakunja miguu, anatulia. Ukimwacha, anaondoka." Tulisogea wote kutazama. Ilikuwa kweli. Akafikiri kidogo, kisha akashauri beseni liwekwe juani: aliye hai hatavumilia joto, ataondoka, atakayebaki ndiye maiti. Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo. Nimehudhuria semina za ubunifu zisizo na idadi tangu wakati ule, nimekula biskuti zake zote, na sijaona ubunifu uliozidi beseni lile juani.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akasema chupa zitoke darasani. "Mwalimu Veronika, mtihani wa mock hauulizi fukusi." Nikajaribu kueleza, akainua mkono. Kwa hiyo chupa zikahamia nyumbani, kwenye chumba chetu cha mbele, juu ya meza tuliyolia chakula. Asha alikuwa mtu wa Karema, ziwani, na alikuwa na mikono ya kupika migebuka, samaki wa kwao, ukasahau jina lako. Jioni ya siku ya pili alikuta fukusi ndani ya mchele wake. Aliweka sinia chini taratibu. "Vero, mimi nilikubali kukaa na wewe. Hawa ndugu zako hawakunijulisha." Tulikula huku watoto wanane wamechungulia dirishani kuangalia kama chupa zao ziko salama, na Asha akaishia kuwagawia migebuka huku anaendelea kulalamika.

Sababu ya kweli ya kutufukuza niliisikia bila kukusudia. Chumba cha walimu na ofisi ya mkuu vilitenganishwa na mbao tu, na siku moja nikiwa nasahihisha madaftari nilimsikia Mratibu Elimu Kata akiuliza, "Hivi ni kweli watoto wanasema dawa ya stoo haiui?" Mkuu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Ule mfuko ni wa mwaka juzi. Nilisema tusiutupe, bado ulikuwa nusu." Mratibu akacheka. "Sasa utaumbuliwa na la tano." Mkuu hakucheka. Kwenye chupa ile ya dawa, kati ya fukusi ishirini walikuwa wamekufa watatu. Nilikuwa na hasira naye wakati ule, leo naona alikuwa mtu mwenye aibu tu, aliyebana matumizi ya shule kwa nia njema akakosea, na hakujua namna ya kukosea mbele ya watoto.

Kisha zikaja habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Shule ilifyekwa, mawe ya njiani yakapakwa chokaa, jogoo akatafutwa. Na mkuu, ambaye alikuwa ameikataa miradi kwa mwezi mzima, akaja mwenyewe kwetu saa kumi jioni, akakaa kwenye kigoda cha Asha, akazitazama chupa. "Zirudishe darasani," akasema. "Mkaguzi huyu anapenda vitendo. Tengeneza chati kubwa, ya manila. Matokeo yote." Akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Ila chati isimwaibishe mtu, mwalimu. Na wewe fomu yako ya kuthibitishwa kazini naipeleka mwezi huu." Ni hayo tu aliyosema. Nimeyarudia maneno hayo kichwani miaka yote nikitafuta mahali aliponiamuru kudanganya, na hapapo. Nilikaa pale pale mezani, nikachukua kalamu nene, nikaandika majivu, pilipili, mwarobaini, tumbaku, kila moja na idadi yake. Nilipofika kwenye dawa ya stoo nikaandika kumi na saba. Asha alikuwa anachambua mboga. Aliiona. Alisema, "Mh," akaendelea kuchambua.

Siku ya ukaguzi darasa lilinukia maji ya sabuni. Mkaguzi alikuwa mama mpole mwenye miwani, na kosa lake pekee ni kwamba alijali kweli. Walimu wote tulitegemea atatazama chati, aandike, aende kula. Yeye akauliza, "Nani atanieleza kazi hii?" Mikono ikapanda. Akamchagua Milembe, labda kwa urefu wake. Milembe alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha. Alieleza siafu, akaeleza wadudu wanaojifanya wamekufa, mkaguzi akacheka kwa furaha. Alieleza kwa nini chupa ya nta hawajaifungua mpaka leo: "Tukifungua kuhesabu, tunawarudishia hewa." Kisha akasogeza fimbo kwenye mstari wa dawa, akasimama. Akasoma tena kimoyomoyo, midomo inacheza. "Hapa pameandikwa kumi na saba," akasema. "Sisi tulihesabu watatu."

Mkuu alikuwa mlangoni. Mratibu alikuwa anatazama viatu vyake. Mkaguzi akanigeukia bila ubaya wowote usoni. "Mwalimu, ipi ni sahihi?"

Nikasema, "Mtoto amekosea."

Milembe hakubisha. Angebisha ingekuwa afadhali. Alinitazama kama alivyolitazama lile beseni siku ile, kwa makini, akitafuta kujua kilicho hai na kinachojifanya. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," akaweka fimbo chini, akaenda kukaa. Mkaguzi aliandika kwenye kitabu cha wageni maneno ya kuisifia shule, na nina hakika wasifu ule wa Nsemulwa ulichipuka kwenye ukurasa huo. Tulikula jogoo. Mimi nilipewa firigisi kwa heshima, nikaitafuna mpaka ikawa kama kipande cha ndara, haikumezeka.

Wiki mbili zilizofuata zilinitesa kuliko adhabu yoyote. Milembe hakunichukia, alinisalimia shikamoo yake kila asubuhi, akaandika kila nilichoandika ubaoni. Ila hakunyoosha mkono tena. Nikiuliza swali, anasubiri jibu langu, analiandika. Darasa lote likamfuata. Nilikuwa nimerudishiwa darasa lile la kuimba, tulivu, linalokubali kila kitu, ambalo mkuu yeyote angelipungia mkono. Huku stoo, mahindi mapya ya wazazi yalikuwa yanakuja mwezi ujao, na kwa mujibu wa chati yangu yangechanganywa na dawa ile ile, kwa sababu chati ilisema inaua. Niliandika barua kwa mkaguzi, nikampelekea Mratibu aifikishe. Aliisoma mbele yangu, akaikunja mara nne. "Mwalimu, hii barua haina pa kwenda," akasema. "Umeshathibitishwa. Unataka uthibitishwe mara ngapi?" Nikaenda kwa mkuu, nikamwambia Ijumaa nitawaambia watoto. Nilitegemea afoke. Aliendelea kupanga chaki kwenye boksi. "Utawaambia nini kuhusu mimi?" akauliza. Nikamwambia, "Sitawaambia habari zako. Kalamu niliishika mimi." Akapanga chaki mpaka zikaisha.

Ijumaa nikasimama mbele ya wale tisini na mmoja. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu ukweli katika sayansi. Yote yakanitoka kichwani, nikasema tu, "Kwenye dawa ya stoo mlihesabu watatu. Milembe hakukosea. Mimi ndiye niliyeandika uongo, na mgeni alipouliza nikaongeza uongo wa pili." Mtoto mmoja wa mbele akauliza kwa sauti ya kuogopa, "Kwa nini, mwalimu?" Nikasema niliogopa. Wakanitazama bila kuelewa, kwa maana hawakujua mwalimu naye huogopa nini. Nilimtazama Milembe. Nadhani nilikuwa nasubiri anisamehe, nipumue, tuendelee. Yeye akanyoosha mkono, mara ya kwanza kwa wiki mbili.

"Na zile namba nyingine," akauliza, "zile za majivu na za tumbaku. Zenyewe ni za kweli?"

"Za kweli kabisa," nikasema.

"Tutajuaje?"

Hakuwa na jeuri. Alikuwa anauliza kama alivyouliza tatizo liko wapi. Nilikaribia kumwambia niamini. Daftari la hesabu lilikuwa langu, lilikaa kwangu, nililiandika mimi. Na ndani ya chupa fukusi walikuwa wamekwisha kuzaana, haiwezekani tena kurudi kuhesabu walewale. "Hamtajua," nikasema. "Basi tuanze upya," akasema Milembe, na kabla sijajibu watoto walikuwa wanasogeza madawati.

Niyaseme yaliyofuata hapa. Mara ya pili ilituchukua hadi karibu na likizo, na daftari la hesabu lilishikwa na watoto, kila kikundi na lake. Dawa iliua wanne. Majivu yalifanya vizuri kiasi. Ile ya nta tulipoifungua mwishoni hakukuwa na hata mmoja aliyeondoka juani. Mkuu hakuniuliza kitu, hakumpongeza mtoto, hakutamka neno dawa mbele yetu. Lakini mahindi mapya yalipofika, nilimwona na mlinzi wakiviringisha mapipa ya chuma kutoka kwenye gari la mkaa, wakayajaza, na mkuu mwenyewe, mikono ya shati imekunjwa, akiziba vifuniko kwa nta. Uji ulirudi kuwa mweupe. Niliona kwamba ameelewa na kwamba hatakiri mpaka afe, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Milembe hakumaliza shule kwetu. Wakati wa kiangazi familia yake ilihama na ng'ombe kwenda kutafuta malisho kusini, Lindi huko, wengine walisema mbali zaidi. Nimeuliza kwa kila Msukuma niliyekutana naye mnadani miaka yote hii. Sijui alipo.

Lakini Ijumaa ile alikuwepo. Tuliziosha chupa saba kisimani, tukazianika, tukakaa sakafuni mimi na wao, gauni langu la kazi linafagia vumbi. Watoto walileta mahindi, walileta fukusi ndani ya kopo. Niliokota wadudu mmoja mmoja, nikihesabu kwa sauti ili wote wasikie, nikafika ishirini. Nikaifunga chupa ya kwanza, nikampa Milembe aipange ukutani.

Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akavuta beseni, akaifungua chupa, akamimina kila kitu nje, akaanza kuhesabu upya. Moja. Mbili. Tatu. Nilitulia pale pale sakafuni, nikamsubiri amalize.